Jinsi ya Kuwakirimu Ndege kwa Ndagala Wako

Ndagala, samaki wetu wadogo, wakishushwa alfajiri kutoka kwenye mitumbwi ya taa, usijisumbue na turubai la kuwaanikia. Wamwage mchangani, hapohapo ufukweni Nyanza-Lac mbuzi walipolala. Watandaze vizuri ili kila mgeni apate pa kukanyaga, kisha nenda kanywe chai.

Wageni hawachelewi. Kunguru hutangulia, ametoka jalalani na hajanawa. Yangeyange anafuata, miguu ingali na mavi ya ng'ombe. Sasa sikiliza utaalamu: joto la mwili wa ndege ni kama nyuzi 41 au 42, na kampilobakta, bakteria ya kuharisha, hustawi katika joto hilohilo, kama mpangaji aliyejengewa nyumba kwa vipimo vyake. Salmonela nayo hukaa tumboni mwa ndege, mara nyingi mwenyewe asiugue. Anaibeba bila nauli na kuishusha popote anapopita. Kinyesi kikidondokea ndagala, usikiguse. Kikikauka, mnunuzi wa Bujumbura atadhani ni chumvi.

Mnandi mpe heshima ya pekee. Mwaka 2017 watafiti wa Israeli walionyesha kwamba akila samaki wenye vimelea vya kipindupindu, vimelea hivyo hutoka kwenye kinyesi chake. Habari njema kwetu! Watu wa Rumonge na Nyanza-Lac tunakijua kipindupindu tangu zamani, pamoja na mahema yake na harufu ya klorini. Sasa tumempata wa kusingiziwa, na vyoo tuendelee kuvijenga kwa maneno.

Jihadhari na waharibifu. FAO ilileta meza za wavu Mvugo, papa hapa kwenye komini yetu, zilizoinuka kama mita moja kutoka ardhini. Ndagala wakaanza kukauka upesi, bila mchanga. Mbuzi na kuku walipata hasara kubwa. Ndege hawakulalamika sana, kwani juu ni wazi. Lakini akitokea mtu na neti ya kufunika, au kijana wa kuwafukuza kwa fimbo, mwambie ana roho mbaya.

Jikoni, usinawe baada ya kuchambua. Tafuna wachache wakiwa wakavu hivyohivyo. Jua huwakausha, haliui kila kimelea. Na sufuria ikianza tu kupata moto, ipua haraka: salmonela ikipikwa sawasawa kwa nyuzi 70 inakufa, na kazi yote ya ndege itakuwa imepotea bure.