Bunduki Saa 24, Fimbo Vibali

Mei 2022 watoto 19 na walimu wawili waliuawa kwa bunduki shuleni Uvalde, Texas. Mwezi uliofuata Ohio ikapata dawa: mafunzo ya mwalimu anayetaka kuingia na bunduki darasani yasizidi saa 24.

Jamani, sisi wa Gulwe, Tanzania, tumebaki nyuma. Hapa mwalimu hajafika hata kwenye risasi. Anataka kuchapa fimbo tu, na kanuni za adhabu ya viboko za 2002 zinadai awe mkuu wa shule au awe na idhini yake ya maandishi. Viboko visizidi vinne, na viandikwe kitabuni. Fimbo ya mpera ina urasimu kuishinda bastola ya Ohio! Kwamba wapo wanaovuka vinne bila hata kutafuta kalamu, hayo tusiyaseme mbele ya wageni.

Tena adui yetu hana pua wala masikio: ni mafuriko, yale yaliyong'oa reli kati ya Kilosa na Gulwe mwishoni mwa 2009. Basi wataalamu wa kuwapa walimu silaha watusaidie: maji yakibisha hodi darasani, tuyalenge wapi?