Namna ya Kuinyima Hita Maji

Kwanza uwe na Land Cruiser mkonga ya zamani, ikiwezekana iliyotoka kwenye mradi uliokwisha, yenye nembo iliyokwanguliwa mlangoni ila jua likipiga bado inasomeka. Yangu niliinunua Iringa. Injini ya 1HZ, silinda sita, haina neno. Neno lilikuwa chini ya dashibodi: zulia la upande wa abiria limelowa, kioo cha mbele kina ukungu wa mafuta-mafuta, na ndani kunanukia utamu kama mtu amemwaga sharubati. Hiyo ni kulanti. Rejeta ndogo ya hita imetoboka.

Mwingine angeibadilisha. Wewe nenda kwa fundi, mwache afungue boneti, atikise kichwa, kisha aseme maneno ambayo kila fundi toka Ruaha Mbuyuni mpaka Tunduma ameyarithi: "Bosi, hita ya nini Afrika hii?" Atayasema akiwa amevaa makoti mawili na kofia ya sufu, mwezi wa sita, huku anapuliza vidole.

Sasa kazi. Nyuma ya injini, kwenye bati linaloitenga na abiria, kuna mabomba mawili. Moja linaingiza maji ya moto kutoka kwenye injini, jingine linayarudisha kwenye pampu. Chomoa mipira yote miwili injini ikiwa imepoa. (Wangu aliichomoa ikiwa ya moto, siku hiyo niliongeza matusi matatu ya Kihehe.) Njia ya heshima ni kuiunganisha yenyewe kwa yenyewe, maji yaende na kurudi bila kuingia ndani ya gari: mpira wa kulanti wa kipenyo cha milimita 16 hivi, usiojikunja ukaziba, na klipu za chuma. Nusu saa, umemaliza.

Lakini heshima haina msisimko. Tafuta mpira wa kumwagilia bustani, ambao ukipata moto unalegea kama ndizi mbivu. Uunge kwa kipande cha bomba kilichookotwa, na badala ya klipu, tyubu ya baiskeli, mizunguko kumi. Nilishangaa fundi wangu hakutumia mwanzi wa ulanzi. Ukigeuka kuagiza chai atang'oa na thamostati, bure kabisa, "ili injini ipumue". Mshukuru. Injini isiyofikia joto lake inakunywa dizeli kama mgeni wa harusi.

Baada ya hapo safiri. Nashauri Julai, kwenda Makete, na baba mkwe kiti cha nyuma. Toka Iringa alfajiri. Mafinga utaipita mmejifunika blanketi, kioo mnakifuta kwa zamu, wewe kwa kiganja, mkeo kwa kanga. Ukifika Chimala, jua la Usangu litakuaminisha kwamba fundi alikuwa sahihi. Hapo ndipo ushike njia ya Matamba, kona 57, gia ya kwanza na ya pili.

Kona za mwanzo ni za kutazama bonde. Ikipita ya thelathini, mshale wa joto utaanza kutembea. Baba mkwe, aliyeendesha malori maisha yake yote, atainama na kusema kwa upole, "Washa hita mwanangu, feni mpaka mwisho, teremsha vioo."

Hajakosea. Hita ni rejeta ya pili. Ile kubwa ikizidiwa, hii inaipunguzia injini joto. Mjibu, "Baba, hita tumeifunga." Atanyamaza. Kimya hicho utakibeba mpaka Matamba.

Halafu kuna mfuniko wa rejeta. Kitulo, unayoipita ukitoka Matamba kwenda Makete, iko juu kama mita 2,600, na huko maji ya sufuria yanachemka kwenye nyuzi 91 hivi. Ndani ya rejeta, mfuniko wenye springi nzima unayabana mpaka yapite 110 bila kuchemka. Wangu ulikuwa umewekewa kipande cha tairi mahali pa raba yake. Nilichemsha kwa maana zote mbili.

Wiki iliyofuata nilikwenda Mwanjelwa, Mbeya, kuulizia rejeta ya hita. Muuza spea aliingiza mkono chini ya magunia, akatoa moja iliyotumika, akaifuta vumbi kwa shati na kutaja bei iliyonifanya nikae kwenye tairi.

"Mbona ghali hivyo?"

"Hazipatikani, kaka," alisema. "Watu wanazitupa."