Wingu la Wenzetu

Huko Richland, jimbo la Washington, Marekani, iko sekondari ambayo timu zake zinaitwa Bombers. Nembo yake ni herufi R na wingu lenye umbo la uyoga, lile la bomu la atomiki. Mwaka mzima wa masomo, mechi baada ya mechi, vijana hulishangilia wingu hilo kwa moyo mkunjufu. Babu za baadhi yao walifanya kazi Hanford, jirani hapo, palipotengenezwa plutoniamu ya bomu la Nagasaki, Agosti 1945.

Hongereni, wanangu. Ila kwenye orodha ya wahisani wa shule pana jina limesahaulika: Shinkolobwe, karibu na Likasi, kwetu Kongo. Sehemu kubwa ya urani ya mradi ule wa Marekani wa mabomu ya atomiki ilichimbwa hapa. Tani zipatazo 1,200 za mawe yenye urani hiyo zilikuwa zimeshafichwa New York kabla Marekani yenyewe haijaingia vitani. Leo mgodi umefungwa rasmi, na mwanafunzi wa Likasi, shati jeupe na suruali ya buluu, anawaza ada na Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Nembo atashangilia akipata nafasi.

Mkichapisha fulana mpya, tutumieni hata moja. Saizi yoyote, kitambaa tulitoa sisi.