Mbwa Aliyepanda Teksi Yangu

Minneapolis

Mjomba, na nyote hapo nyumbani Mlola,

Nasikia picha ya yule mbwa mweusi ndani ya teksi yangu imefika kijiweni, na mnasema nimeritadi. Tulieni. Yule yuko kazini, na mwenye mbwa haoni. Sheria ya Marekani ya watu wenye ulemavu, ya mwaka 1990, inanikataza kumwacha barabarani au kumtoza hata senti ya ziada, na kisingizio cha dini hakipokelewi. Nikairudia fiqhi yetu ya Kishafii: mbwa mkavu, kiti kikavu, hapana najisi. Taabu ni ulimi wake. Ndiyo maana kwenye buti nina dumu la maji na kopo la udongo, vya kuoshea alipolamba. Madereva wenzangu Wasomali wananielewa. Fundi gari bado anauliza udongo wa nini.

Kilichonishinda ni adabu. Naruhusiwa maswali mawili tu: mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu? Amefundishwa kazi gani? Siulizi mtu anaumwa nini, siombi cheti, wala sisemi "hebu afanye tuone". Mjomba, hapo Mlola mtu hapiti kwa Mama Mkubwa kabla hajaulizwa mguu umepata nini, tangu lini, dawa kapewa na nani, na watoto wanasemaje. Ndivyo nilivyolelewa! Maswali mawili yakiisha, nauma midomo mpaka uwanja wa ndege.

Wapo pia wanyama wa kuliwaza. Hao hawajafundishwa kazi. Wanakaa karibu na mtu moyo utulie. Jirani yangu ana paka wa namna hiyo na barua ya daktari, na mwenye nyumba, aliyepiga marufuku wanyama, kampokea bila kudai pesa ya paka. Teksini naweza kumkataa. Kwenye ndege walipanda mpaka mambo yakazidi: Januari 2018 abiria mmoja alifika uwanja wa ndege wa Newark na tausi, akakataliwa. Tangu Januari 2021 mashirika ya ndege hayalazimiki tena kuwapokea.

Mbwa wako Simba, Mjomba, hafai kuletwa. Kufukuza ngedere mahindini ni kazi kweli, ila mahindi si ulemavu. Ninayemwonea uchungu ni marehemu Magawa, panya buku aliyefundishwa na shirika la APOPO pale Morogoro. Alinusa mabomu 71 ya kutegwa ardhini huko Kambodia mpaka anastaafu, na Waingereza walimvisha medali ya dhahabu mwaka 2020. Sheria ya hapa inatambua mbwa, na kwa masharti farasi wadogo. Panya wetu, medali shingoni, angesubiri nje ya mgahawa.

Mpwa wako