Makomredi Kwenye Mafrishi: Orodha ya Kubishania

Mkalishe mkomunisti kwenye mafrishi, kibanda cha kutafunia miraa, hapa Hulugho, upande wa Kenya wa mpaka na Somalia, saa nane mchana, umwekee kitita cha miraa ya kangeta na birika la chai ya maziwa ya ngamia. Kisha muulize: katika nchi yenu ya wafanyakazi, mtu akishikwa na hili jani apelekwe jela, apelekwe hospitali, au aachwe amalizie shavu lake? Jibu litategemea huyo komredi katoka wapi, ni mwaka gani, na hazina ya chama chake ilikuwa na kitu au ilikuwa tupu.

Nimewapanga saba, kuanzia wa kuchosha hadi wa kustaajabisha. Vigezo ni ukali wa sheria, unafiki, na kama angemaliza wiki moja hapa bila kugombana na mama muuzaji. Orodha hii ni halali kama miraa yenyewe, yaani inategemea umesimama upande gani wa mpaka.

7. Karl Marx, mwenyewe

Mwaka 1858 aliandika kuhusu kasumba kwenye gazeti la New York Daily Tribune. Mvutaji wa Kichina hakumgusa. Alimshukia Mwingereza, aliyehodhi kilimo cha mpopi kule Bengal, akauza kasumba kwa mnada Calcutta, kisha akajifanya hajui meli zinaelekea wapi. Hoja safi. Ila mzee alivuta sigara kupita kiasi, hata akamwambia mkwewe, Paul Lafargue, kwamba Das Kapital haitarudisha hata pesa ya sigara alizovuta akiiandika.

Hukumu: ukurasa wa kwanza wa daftari la madeni la mama muuzaji.

6. Wakomunisti wa Ugiriki

Chama chao, KKE, hakitaki kusikia habari za dawa nyepesi na dawa nzito. Bangi na heroini kwao ni kamba moja ya kuwafunga vijana wasigome.

Hukumu: huyu ni eedo wako, yaani shangazi, tofauti ni hijabu tu.

5. Wakomunisti wa Ureno

Vitabu vile vile, Marx yule yule, jibu kinyume kabisa. Mwaka 2000 chama cha PCP kiliunga mkono bungeni sheria iliyoanza kazi Julai 2001: ukikutwa na dawa isiyozidi matumizi yako ya siku kumi, wewe si mhalifu. Unaitwa mbele ya tume ndogo ya wataalamu, mnazungumza, unashauriwa. Na tusikilizane hapa, maana ndipo watu hurushiana viatu: kumwondolea mtumiaji jela si kuihalalisha dawa. Bado imekatazwa, na muuzaji bado anafungwa.

Hulugho tume hiyo ingekuwa chifu, sheikh na nesi, na kikao kingevunjika pale chifu atakapoulizwa ni nini kimemvimbisha shavu. Halafu eti akiba ya siku kumi! Miraa iliyotoka Maua ikimaliza siku mbili imeshakuwa kuni.

Hukumu: sheria nzuri, ya watu wasioijua kangeta.

4. Moscow

Wabolsheviki walirithi marufuku ya vodka kutoka kwa mfalme, wakaishikilia kwa mbwembwe za kimapinduzi. Kufika 1925, dola ya wafanyakazi ilikuwa inauza vodka yenyewe, ya asilimia 40, maana viwanda vilitaka mtaji.

Hukumu: ulevi ni sumu ya mabepari mpaka siku ya kusoma bajeti.

3. Mao

Februari 1950 serikali mpya ya Beijing ilipiga kasumba marufuku. Mwaka 1952 ikaja kampeni yenyewe: mikutano ya hadhara, majirani kutajana, wavutaji kupewa muda wa kuacha, wauzaji wakubwa kupigwa risasi. Uraibu wa mamilioni ya watu ulizimwa ndani ya miaka michache, na mpaka leo Uchina huwaua kwa sheria wafanyabiashara wakubwa wa dawa. Ukitaka mtu wa kumnyamazisha anayesema marufuku haiwezekani, huyu hapa. Ukitaka kujua gharama yake, waulize waliotajwa na majirani.

Sasa sehemu tamu. Mwanahistoria Chen Yung-fa alichimbua hesabu za chama kule Yan'an, miaka ya 1940, wakati makomredi walipokuwa wamezingirwa na hawana senti. Akakuta mapato makubwa ya kitu kilichoandikwa "bidhaa maalumu". Ilikuwa kasumba. Chama kilikuwa kinaiuza nje ya eneo lake.

Umeuona mchezo? Komredi hagombani na jani. Anagombana na mfuko ambamo pesa ya jani inaingia. Ukiwa mfuko wa adui, hiyo ni sumu ya ubeberu. Ukiwa wake, ni bidhaa maalumu.

Hukumu: angetufungia vibanda vyote Jumatatu, Jumanne afungue kimoja chake.

Mapumziko ya kununua njugu na bigijii

Waliokatwa kwenye mchujo: George Wajackoyah, aliyegombea urais wa Kenya 2022 akiahidi kuhalalisha bangi, kufuga nyoka, kuuza nje sehemu nyeti za fisi, na kufanya kazi siku nne kwa wiki. Alipata kura 61,969. Si mkomunisti, ingawa ile ahadi ya siku nne ilinitikisa.

Na baadhi ya magavana wa Pwani, walioipiga muguka, jamaa wa miraa, marufuku Mei 2024, wakaambiwa na Rais Ruto kwamba amri zao ni bure kwa kuwa zao hilo linatambuliwa na sheria ya taifa. Bangi nayo hutambuliwa na sheria, ile ya 1994, ila hiyo hukutambua ikiwa na pingu mkononi.

2. Yemen Kusini

Hapa najua tutagombana. Waingereza walijaribu kuifuta mirungi, yaani miraa, kule Aden mwaka 1957, wakanyoosha mikono mwaka uliofuata. Mwaka 1967 wakaondoka, nchi ikawa ya Kimarx, ya pekee katika ulimwengu wa Kiarabu. Ungetarajia kitanzi. Badala yake, mwaka 1977, walitoa sheria ya ajabu kuliko zote: tafuna, lakini wikendi na sikukuu tu. Alhamisi mchana unaanza, Ijumaa unamalizia, siku nyingine uko kiwandani. Hadramaut na Mahra hawakupewa hata hiyo Alhamisi.

Wenzao wa Yemen Kaskazini walikuwa wanatafuna kila siku ya Mungu. Mei 1990 nchi mbili zikaungana, na ratiba ikafa. Watu wakapata uhuru wa Jumatatu.

Napenda unyoofu wake: dola haikudai kukuokoa roho, ilitaka ufike kazini. Lakini nani angeisimamia Hulugho? Na mchunga ngamia, wikendi yake ni lini?

Hukumu: marufuku pekee katika orodha hii yenye kalenda.

1. Jaalle Mohamed Siad Barre

Aliingia madarakani Somalia kwa bunduki Oktoba 1969, mwaka mmoja baadaye akatangaza ujamaa wa kisayansi, na picha yake ikabebwa barabarani sambamba na Marx na Lenin. Machi 1983 akalipiga jaad, jina la Kisomali la miraa, marufuku: kulima, kuingiza, kuuza, kutafuna, vyote. Mnaosema kwamba kufikia hapo hakuwa mkomunisti, kwa vile alishawafukuza Warusi 1977 na kuhamia kwa Wamarekani, nimewasikia, kaeni chini. Chama chake bado kilijiita cha mapinduzi na cha kisoshalisti.

Sababu rasmi: pesa zinatoka nchini, kazi inalala, familia zinalia. Zote za kweli, muulize mke yeyote. Ila mashamba na wafanyabiashara wakubwa wa jaad walikuwa kaskazini, kwa ukoo wa Isaaq, na waasi wa SNM walishajiunda 1981. Kaskazini waliisoma ile sheria kama adhabu iliyovaa koti la daktari. Jaad halikuisha. Bei ilipanda, na wenye jamaa serikalini wakanona.

Sasa fikiria hapa kwetu. Kolbiyow iko ng'ambo kidogo tu ya mpaka. Mtu wa ukoo ule ule, kitita kile kile: wakati huo huku kilikuwa riziki, kule kosa. Ngamia hakuulizwa itikadi yake.

Lakini kilichompa ushindi ni hiki. Januari 1975 Siad aliwapiga risasi masheikh kumi waliopinga sheria yake ya familia. Septemba 2006 wapiganaji wa Mahakama za Kiislamu, waliopinga karibu kila alichokisimamia, wakashika Kismayo, na Novemba wakapiga marufuku miraa. Yaani mkomunisti aliyewaua masheikh, na masheikh waliokuja baada yake, walikutana kwenye jambo moja tu, nalo ni kitita chako. Waingereza nao walishalifungia jani hilo kule Somaliland tangu 1921. Kila anayetaka kumtawala Msomali huanza na shavu lake.

Hukumu: bingwa, kwa kuwa hakuna mwingine aliyewaunganisha maadui kiasi hicho.

Kama unaona Yemen Kusini ndiyo iliyostahili kikombe, una hoja nzito na niko tayari kukusikiliza. Subiri Alhamisi mchana.