Barua ya Wazi kwa Wagawaji wa Figo, Juu ya Bawabu Wao Aliyeuzuliwa

Kwa Waheshimiwa wenye kushika mizani ya kugawa figo za marehemu katika nchi ya Marekani.

Niandikaye waraka huu ni fundi wa kofia, mzaliwa wa Mji wa Kale wa Mombasa, ambaye riziki ilimchukua ikamweka Ohio, mahali pasipo bahari wala upepo wa kusi, na maradhi ya figo yakamfuata hukohuko. Siandiki kwa kulalamika. Mtu aliyekirimiwa kama nilivyokirimiwa mimi, akithubutu kulalamika, huwa amekufuru neema, nami nimelelewa nirudishe shukrani kwa kila hidaya, hata ile ambayo sikuiomba, hata ile iliyonigharimu miaka miwili ya umri wangu.

Hidaya ninayoikusudia ni ile asilimia 16 niliyoongezewa na bawabu wa mlango wenu, kwa kuwa ninyi wenyewe hamkuwa na ada ya kutoka nje kupokea wageni. Bawabu huyo jina lake lilikuwa 1.159. Alipata kazi mwaka 2009, akimrithi mwenzake 1.212, aliyekuwa karimu kuliko yeye, na kazi yake ilikuwa hivi: tabibu akitaka kujua figo za mtu zimebaki na nguvu kiasi gani, alipima katika damu kreatinini, ambayo ni taka itokanayo na misuli, akaitia idadi yake katika kanuni ya hesabu pamoja na umri wa mgonjwa na kama ni mume au mke, kisha, mgonjwa akiwa mtu mweusi, jawabu lote likazidishwa kwa 1.159, likapanda, na figo zake zikatangazwa kuwa ni nzima kuliko zilivyo. Hoja iliyotolewa ni kwamba watu weusi wana misuli mingi zaidi. Nilipoambiwa hayo nilivua shati nikasimama mbele ya kioo. Tangu utotoni kazi yangu ni kutoboa na kushona kofia kwa mkono, na misuli niliyojaliwa ni ile iwezayo kuinua sindano na, siku nikiwa nimekula vizuri, mkasi.

Karatasi yenyewe ninayo. Ni ya Machi 2016, imekunjwa mara nne, na katikati yake pana mistari miwili, mmoja juu ya mwenziwe. Wa juu wasema: asiyekuwa Mmarekani mweusi, 18. Wa chini wasema: Mmarekani mweusi, 21. Damu ni moja, chupa ni moja, saa ni moja, mkono uliotobolewa ni huu wa kushoto. Nanyi mwajua zaidi yangu kwamba sharti la mlango wenu lilikuwa, na lingali, kwamba mtu ambaye hajaanza kusafishwa damu kwa mashine hahesabiwi siku zake za kungoja mpaka figo zishuke hadi 20 au chini ya hapo. Mwuguzi, binti mpole sana, alinitazama usoni kitambo kidogo kama mtu anayechagua embe sokoni, akachukua kalamu ya buluu, akazungusha duara kwenye 21, na akaniambia hongera.

Hapa nawaomba radhi kwa kuingiza habari za nasaba. Marehemu baba yangu alikuwa Mshihiri, aliyeshuka jahazini Mombasa na mkoba wa kahawa. Mama yangu ni Mpate, na bibi mzaa mama ni Mngazija. Kwetu watu hukesha arusini wakibishana fulani ni nani na babu yake alitoka wapi, kunapambazuka na neno halijakwisha, lakini binti yule alilimaliza kwa kupepesa jicho. Basi, kwa kuwa mimi ni mtu wa vipimo, nilikaa usiku nikapiga hesabu ya insafu: ikiwa ziada ya bawabu ni stahiki ya upande wa mama peke yake, hapana budi nipewe nusu yake, yaani 1.08 kwa kukadiria. Na 18 mara 1.08 ni 19.44, idadi ambayo ingaliniingiza mlangoni, kwa kuinama, lakini ningaliingia. Nilikusudia kumpelekea tabibu hesabu hiyo, mke wangu akanizuia, akisema watadhani figo zimepanda kichwani.

Nikarudi kwenye sindano yangu na hongera yangu. Mwanzoni mwa 2018 figo zilikoma kabisa, nami nikaanza kulazwa kwenye kiti cha mashine mara tatu kwa juma, saa nne kila mara, na hapo ndipo daftari lenu lilipoanza kunihesabia. Miaka miwili iliyotangulia ilikuwa yangu binafsi. Sikuulizwa habari zake.

Lakini lililonifanya nishike kalamu ni jingine, nalo nililijua baadaye, katika zile saa nne ambazo mtu hana la kufanya ila kusoma. Kumbe mnayo mizani ya pili, ya kuzipima figo za marehemu kabla hazijagawiwa: kila figo hupewa alama kutoka 0 hadi 100 kwa kutazama umri wa aliyefariki, urefu na uzito wake, kama alikuwa na shinikizo la damu au kisukari, sababu ya kifo chake na mengineyo, na alama ikizidi kukua ndivyo figo inavyodhaniwa haitadumu. Na katika hayo mengineyo, mpaka mlipoiondoa mwaka 2024, ilikuwamo rangi ya marehemu. Naye akiwa mtu mweusi, figo yake iliongezewa alama, maana yake ilishushwa daraja. Nilisoma mara ya pili, nikavaa miwani nikasoma mara ya tatu. Figo ya mtu mweusi, ikiwa ndani ya mwili wake naye anaiombea badala, ni bora kuliko inavyoonekana. Ikitolewa mwilini ili apewe mwingine, ni duni kuliko inavyoonekana. Katika biashara ya nguo nimewaona wachuuzi wa kila namna, wapo wanaosifu kitambaa wakiuza na kukikashifu wakinunua, lakini hao angalau hufanya hivyo kwa vitambaa viwili.

Wala kashfa hiyo haikuwa maneno matupu, maana figo yenye alama kubwa ndiyo inayokataliwa kwa wepesi, hospitali hadi hospitali, huku barafu ikiyeyuka na saa zikipita, hadi mwisho ikatupwa. Katika miaka ya karibuni kiasi cha robo ya figo zinazotolewa kwa marehemu nchini humu haikupandikizwa kwa mtu yeyote, ilhali orodha ya wanaongoja ina watu kama 90,000. Na wataalamu walipolinganisha miaka ya 2004 hadi 2014, walikuta Wafaransa wakitupa kama nusu ya kadiri iliyotupwa hapa, nao wakikubali figo za wazee ambazo hapa hazitazamwi mara mbili. Ama kwa figo zinazokubaliwa, mwaka 2021 mliamuru kwamba figo itolewe kwanza kwa walio ndani ya duara la maili 250 za baharini kutoka hospitali ya marehemu. Za baharini! Mwana wa jahazi nilifurahi mno, kwa kuwa hiyo ni safari ya kutoka Mombasa hadi kuipita Mafia, ila sijaona bado bandari ya Ohio itakapopakuliwa.

Nakiri kwamba bawabu mlimuuzulu. Mwaka 2021 matabibu waliandika kanuni mpya isiyouliza rangi. Juni 2022 mkapiga kura kuikataza ile ya zamani. Na mwanzoni mwa 2023 mkaziamuru hospitali zote zipitie madaftari na kuwarudishia wagonjwa weusi siku walizopunjwa, hata watu zaidi ya 14,000 wakasogezwa mbele. Nami ni mmoja wao. Nilipigiwa simu nikaambiwa nilete ushahidi, nikasema ushahidi gani, nikajibiwa karatasi yoyote ya zamani. Mke wangu hakusema neno. Alifungua kasha, akatoa juu vitenge na hati za ndoa, akaitoa ile karatasi iliyokunjwa mara nne, ikinuka karafuu, na duara la buluu likiwa mahali pake. Duara lilelile lililonifungia mlango ndilo lililonifungulia. Nikarudishiwa miaka miwili katika daftari, ingawa mwilini haikuonekana.

Mzee aliyekuwa akikaa kiti cha kushoto kwangu hakuitiwa karatasi. Alikuwa dereva wa basi mstaafu, mzaliwa wa Alabama, mtu wa maneno machache, ambaye nilimshonea kofia ya vito naye akaivaa kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi juu ya blanketi alilojifunika mpaka kidevuni, kwa sababu mashine huleta baridi. Alifariki 2021. Amri yenu, kwa hikima yake, iliwahusu walio hai katika orodha tu, na naamini ndivyo ilivyo wepesi kwa makarani.

Kiti chake sasa anakaa msichana wa chuo, mgeni wa mambo haya, naye juzi alininyoshea karatasi yake ya maabara nimsomee, akidhani kwamba mimi mzee wa mashine ni nusu tabibu. Ilikuwa na mstari mmoja. Niligeuza upande wa pili, nikaiinua juu ya taa, nikaigeuza tena, mpaka akaniuliza, baba, unatafuta nini?

Wenu katika foleni,
Fundi wa Kofia