Uainishaji wa Huduma Ndogondogo katika Mifumo ya Kugawa Kazi

Viumbe wanaojadiliwa hapa hupatikana popote penye seva, ila huonekana vizuri zaidi katika mifumo ya kugawia watu kazi: huyu aandike ripoti, yule aikague, mwisho Ijumaa. Zamani shughuli hiyo ilitoshwa na programu moja na hifadhidata moja. Tangu James Lewis na Martin Fowler wachapishe makala yao kuhusu huduma ndogondogo mwaka 2014, mtindo wa kuikata programu vipande, kila kipande na hifadhidata yake, umewafikia hata wasiouhitaji. Utafiti huu ulifanyika kwa sehemu kubwa usiku wa manane, simu ya dharura ikilia.

Kundi la kwanza ni Lango. Hupokea maombi yote na kuyaelekeza yanakostahili. Halijui lolote kuhusu kazi, lakini lawama zote hulishukia, kwa kuwa makosa ya 502 na 504 hutoka kinywani mwake. Jirani yake ni Utambulisho, mtoa tokeni. Huduma hii ikizimika, walioingia mapema huendelea mpaka tokeni zao ziishe muda. Waliochelewa wakae nje.

Kundi la tatu ni Kazi yenyewe. Hutunza kichwa, mhusika, hali na tarehe. Mfumo mzima upo kwa ajili yake, na mara nyingi ndiyo yenye msimbo mfupi kuliko zote. Tuendelee.

Arifa, kundi la nne, inastahili juzuu zima. Mhasibu yuko mezani, simu inalia: “Umepewa kazi mpya.” Anabonyeza, anakuta 404. Huduma ya Kazi ilitangaza tukio kwenye foleni kabla haijamaliza kuandika kwenye hifadhidata, Arifa ikawahi. Punde simu inalia tena, kazi ni ileile. Foleni nyingi huahidi kufikisha ujumbe angalau mara moja. Arifa ikituma kisha ikaanguka kabla ya kuthibitisha, ujumbe hurudishwa na kutumwa upya. Dawa inajulikana: tukio liandikwe katika muamala mmoja na kazi ndipo lipelekwe kwenye foleni, na kila ujumbe uwe na namba ambayo Arifa itaikumbuka. Jamii ya Arifa yenye tabia zote mbili ipo, hasa kwenye michoro ya ubaoni.

Kundi la mwisho ni Yatima. Aliyeiandika amekwisha hamia kampuni nyingine. Haina maelezo, hakuna ajuaye inafanya nini wala athubutuye kuizima. Huzimwa mara moja tu, na mgeni, na hapo ndipo inapofahamika kuwa ripoti za mwisho wa mwezi zilikuwa zikipitia humo.

Kuhusu asili ya viumbe hawa, mwaka 1968 Melvin Conway alieleza kwamba taasisi huunda mifumo inayofanana na jinsi watu wake wanavyowasiliana. Kwa hiyo mtafiti anayetaka kujua idadi ya huduma asijisumbue kusoma msimbo. Aende mkahawani saa ya chakula cha mchana, ahesabu meza zisizosemeshana.

Imethibitika pia kwamba viumbe hawa huweza kurudi kuwa kiumbe mmoja. Mwaka 2023 timu moja ya Amazon Prime Video ilieleza jinsi ilivyounganisha vipande vya chombo chake cha kukagua ubora wa video kuwa programu moja, na gharama zikashuka kwa zaidi ya asilimia 90. Ama timu ya watu watatu yenye huduma tisa, hiyo haimo katika uainishaji huu. Ipelekwe kwa tabibu.